Valvu Namba Kumi na Tisa

Kabula alipiga hatua ya ishirini na sita juu ya mkanda wa kutembelea, akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, akasimama. Mkanda nao ukasimama. Midomo yake ilikuwa imepauka na jasho lilikuwa likimchuruzika hadi kidevuni, ingawa chumba kilikuwa na baridi.

"Endelea," sauti ilisema kutoka ukutani.

"Niendelee wapi, baba?" Kabula alijibu akihema. "Hapa penyewe nimefika kwa kudra za Mungu."

Nyamizi, aliyekuwa amemshikia kanga na viatu, alicheka kwa sababu alitakiwa acheke. Kabula alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake Maganga, na kati ya mawifi hawa wawili siku haikupita bila utani. Lakini leo alicheka akivitazama vile viatu.

Sauti ile ya ukutani watu wa Kinaku waliiita Mshenga. Serikali ilikuwa imeipa jina refu lenye namba katikati, ila nani ana muda wa kuita jina lenye namba? Kazi yake ilikuwa ya ushenga hasa: wewe unasema, yeye anafikisha. Ukisema fungua, mlango unafunguka. Ukisema maji, bomba linatoa. Huko Juu, kabla jua halijawafukuza watu, milango ilikuwa na vitasa. Kinaku, kilomita mbili chini ya ardhi, hapakuwa na kitasa hata kimoja. Mshenga hakulala, hakusengenya, hakutia chumvi. Alifikisha neno kama alivyolipokea, na balaa lote la hadithi hii lilianzia hapo.

"Valvu ni nzima," Mshenga alisema. "Inafunguka yote na kufunga yote. Haivuji. Haina damu iliyoganda. Mwili umezidi."

"Umezidi nini?"

"Umezidi valvu. Una kilo themanini na moja. Kwa urefu wako, valvu namba kumi na tisa ni ya mwili wa kilo hamsini na sita. Mgao wako wa chakula utapunguzwa robo nyingine kuanzia leo."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mgao kupunguzwa. Kabula aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu iliyovimba, na Nyamizi akapiga magoti kumvalisha viatu, maana akiinama mwenyewe alikuwa anaona giza.

"Umesikia, wifi?" Kabula alisema. "Wenzangu wakinenepa wanashonewa gauni kubwa. Mimi naambiwa nikonde nilifuate gauni."

"Tuombe ruhusa ya kupanda Juu. Nasikia bado kuna hospitali moja huko, ya wale wachache waliobaki."

"Lifti inataka mtu anayeweza hatua mia mbili. Mimi ndiye niliyeifunga ile mashine ya kuhesabia hatua, kwa mikono yangu hii. Ningejua ningeifunga vibaya." Alitaka kucheka, pumzi ikamkatalia, akatulia akitazama ukuta. Kwa miaka kumi na tano alikuwa fundi wa lifti, mwanamke wa kubeba nyaya begani ambazo wanaume walizibeba wawili wawili, na sasa alisubiri apate nguvu za kunyanyuka kwenye benchi.

Nyamizi alifunga kamba za viatu polepole kuliko ilivyohitajika. Aliogopa kuinua uso.

*

Sasa tuseme ukweli wote, maana kwa miezi minne Nyamizi mwenyewe alikuwa akijisimulia nusu.

Chumba cha upasuaji cha Kinaku kilikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: anayesema na Mshenga ni mtu mmoja tu. Sauti zikiwa tano, mashine itamtii nani? Kwa hiyo daktari hunong'ona, na msemaji wa chumba husema kwa sauti. Msemaji hasalimii mtu, hatanii, hata kikohozi anakimeza. Kila neno linalotoka kinywani mwake mle ndani ni amri. Nyamizi alikuwa msemaji kwa miaka tisa, na watu walisema ulimi wake umenyooka kama rula.

Siku ya Kabula, kifua kilikuwa wazi na moyo umesimamishwa, damu ikizungushwa na mashine ya pembeni. Mlango ule wa moyo, valvu inayopitisha damu kwenda kwenye mshipa mkuu, ulikuwa umekauka kama ukoko wa wali. Daktari Mbonea aliukata akautoa. Kisha akaanza kupima tundu lililobaki, akiingiza vipimo vya plastiki kimoja baada ya kingine. Namba kumi na tisa ilipita. Ishirini na moja iligoma. Daktari alitikisa kichwa. Alikuwa akiwaza kuchana shina la mshipa, alipanue kwa kiraka, aweke ishirini na tatu. Alikuwa hajanong'ona lolote.

"Kumi na tisa?" Mshenga aliuliza, kwa kuwa naye alikuwa akitazama kwa kamera.

Sekunde ileile muuguzi wa upande wa kushoto alikuwa akimimina maji ya barafu kuupoza moyo, akimimina kama anayemwagilia mchicha, na maji yakawa yanafunika mahali pa kazi. Nyamizi, bila hata kumtazama, akamwambia, "Inatosha."

Mswahili yeyote analijua neno hilo. Ukimwambia anayekupakulia wali, maana yake acha. Fundi akikuvisha suruali akalisema, maana yake imekukaa sawasawa. Walimu wangetaka Nyamizi aseme "yanatosha," kwa kuwa maji ni ya- na si i-, lakini mtu mwenye haraka anakumbuka ngeli? Hakuna. Isipokuwa Mshenga. Mshenga alilishwa sarufi sanifu tangu siku aliyowashwa, na kwake "inatosha" haikuweza kuwa maji hata kidogo. Ilikuwa valvu.

"Kumi na tisa, inatosha," Mshenga alijibu. "Nachapa." Na nyuma ya kioo mashine ya kuchapa ikaanza kufuma valvu.

Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Ila aliyejikwaa ulimi siku ile alikuwa na nafasi ya kujishika. Neno moja tu lilihitajika: futa. Nyamizi alifungua kinywa kabisa, akakifunga. Mwaka ule alikuwa amekwisha kufuta maneno mawili, na la tatu lingemtoa chumbani moja kwa moja. Kuchapa kulichukua dakika kumi na mbili, na moyo uliosimama hausubiri. Tena Kabula aliyelala pale hakuwa Kabula yule: ugonjwa ulikuwa umemla hadi kilo hamsini na tatu, mashavu yameingia ndani kama ya kikongwe. Nyamizi akajiambia, huyu alivyokwisha, kumi na tisa itamfaa. Daktari Mbonea aliinua macho akamtazama. Nyamizi akatazama saa. Valvu ikaletwa, daktari akaishona.

Kabula akapona. Rangi ikarudi, hamu ya kula ikarudi, na mwili wake mkubwa aliozaliwa nao ukarudi kudai nafasi yake. Wanawake wa korido walimsifu kila asubuhi: umenawiri, umependeza, Maganga anakulisha nini? Kila walipomsifu, Nyamizi alitafuta sababu ya kuondoka. Mwezi wa tatu Kabula alianza kusimama katikati ya korido akijifanya anasoma matangazo.

*

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Funga mlango, tafadhali."

Nyamizi alisema funga, mlango ukafunga. Daktari Mbonea alikuwa amekaa na koti lake mapajani, akishona kifungo kilichokuwa hakijalegea. Alikuwa mtu wa kushona muda wote, asipokuwa na moyo alishona kifungo.

"Hatua ishirini na sita leo," Nyamizi alisema. "Wiki iliyopita zilikuwa arobaini."

Daktari alikata uzi kwa meno. "Nikueleze kama ningemweleza mgonjwa?"

"Nieleze."

"Umewahi kuona harusi kwenye nyumba yenye mlango mwembamba? Mlango si mbovu. Bawaba nzima, mbao nzima. Ila wageni ni wengi kuliko mlango. Watapita, lakini kwa kusukumana, na wa nyuma watakanyagana. Moyo wa Kabula unasukuma wageni wa harusi kila sekunde. Kuta zake zimenenepa kwa kusukuma. Valvu haina kosa, moyo hauna kosa, kosa ni kuwakutanisha."

"Akikonda je? Mshenga anasema akifika hamsini na sita—"

"Akifika hamsini na sita hesabu ya Mshenga itakaa vizuri. Moyo hausomi hesabu. Kabula si mtu wa mafuta, Nyamizi. Ule ni msuli na mifupa. Wakimaliza nyama ya miguu watahamia nyama ya moyo wenyewe." Alilikunja koti. "Siku moja atanyanyuka ghafla, ataanguka, na hataamka. Inaweza kuwa wiki mbili. Ikizidi sana, miezi miwili."

Nyamizi aliketi bila kukaribishwa. "Basi mfungue tena. Weka kiraka, weka ishirini na tatu."

"Nimeomba chumba mara nne. Mshenga ananijibu valvu ni nzima, sababu ya upasuaji haipo. Kwake kosa halipo mpaka aliyelisema neno alifute. Mimi siwezi kulifuta. Mkurugenzi hawezi. Sheria unaijua kuliko mimi."

Aliijua. Neno la msemaji hufutwa na msemaji mwenyewe. Akilifuta palepale anaandikiwa tu, mpaka yafike matatu kwa mwaka; akilifuta baadaye, kabla ya siku arobaini, anapoteza kazi. Likiwa neno la mwilini mwa mtu na siku arobaini zimepita, anafungiwa sauti maisha, Mshenga hamsikii tena. Waliotunga sheria hiyo bila shaka walikuwa wamekulia kwenye zile siku za mwizi. Tangu upasuaji zilikuwa zimepita siku mia moja na kumi na nane.

"Ulijua," Nyamizi alisema. "Uliniangalia."

"Nilikuangalia, ukaangalia saa, nikashona. Ningeweza kuitupa ile valvu sakafuni. Sikuitupa." Daktari aliusugua uso wake kwa viganja. "Tuko wawili kwenye dhambi hii, ila sheria inamjua mmoja. Nikisema nakushauri, nitakuwa nanunua usingizi wangu kwa sauti yako. Kwa hiyo sikushauri."

"Watasema nilifanya kusudi. Wifi kwa wifi! Nani ataamini nilikuwa nasema maji?"

"Hakuna."

"Na kaka yangu?"

Daktari alilikunja koti upya. Kisha akasema, kama mtu anayemalizia orodha, "Na ukifungiwa, msemaji atakuwa Mzee Kipobota."

Walitazamana. Mzee Kipobota alikuwa msemaji wa zamani, mtu mwema sana, lakini tangu awekewe meno ya bandia Mshenga alikuwa akimwomba arudie kila neno la tatu. Mwezi uliopita aliagiza chai kwenye mgahawa akafunguliwa choo. Siku nyingine wangecheka mpaka machozi.

Njiani kurudi, kwenye bomba la korido ya nne, Nyamizi alimkuta mtu mmoja aliyefungiwa sauti miaka saba iliyopita kwa kutoa ushahidi wa uongo. Alisimama na kikombe mkononi, ametulia, akisubiri mtu apite. Hakuomba. Alikuwa amejifunza kwamba watu hawapendi kuombwa. Nyamizi alisema maji, kikombe kikajaa, akaondoka upesi bila kusikiliza asante yake. Hakugeuka nyuma hadi kwake. Alijifungia ndani, akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza alisikia jinsi chumba kile kilivyokuwa kidogo.

*

Jumapili alikwenda kula kwa kaka yake, kama kila Jumapili. Asingekwenda wangeuliza kwa nini.

Maganga alikuwa amepika ugali na dagaa. Mbele ya Kabula palikuwa na kibakuli cha uji ambacho mtoto wa chekechea angekilalamikia. Nyamizi alimwona kaka yake akimega tonge, akalifinyanga chini ya meza, na mkono wake ukasafiri kimyakimya hadi mapajani kwa mkewe. Kabula akatazama pembeni, akameza bila kutafuna.

"Kabula ameongezeka gramu sitini," Mshenga alisema. Viti vya Kinaku vilijua uzito wa kila anayevikalia. "Maganga amepungua gramu sitini. Hii ni mara ya kumi na moja. Mgao wa Maganga utapunguzwa."

Maganga alipiga meza kwa ngumi, sahani zikaruka. "Punguza! Punguza wote! Mle nyinyi!"

"Usigombane na ukuta, mume wangu," Kabula alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikakatika katikati apate pumzi. "Kosa ni langu mimi. Wifi, nisaidie kumwambia. Daktari kafanya kazi yake. Mashine imefanya yake. Wewe mwenyewe ulisimama pale ukanisemea, Mungu akubariki. Kila mtu kafanya lake. Ni mimi tu. Mwili wangu mkaidi. Najinyima, nalala na njaa, lakini wapi. Samahani, Maganga. Kweli samahani. Nimeshindwa kutosha."

Kisha akanyanyuka ili aondoe kibakuli chake, kwa aibu, kama mgeni aliyekaa sana. Alisimama wima sekunde moja. Macho yakageuka, na mwili ule ukaenda chini wote kwa pamoja.

Maganga alikuwa amemfikia kabla Nyamizi hajatoka kwenye kiti. Alimwinua kichwa, akamwita, akampiga mashavuni, akamwita tena. Nyamizi alipiga magoti akatafuta mshipa wa shingo. Haukuwepo. Ukawepo. Ulikuwa ukipiga kwa mbali. Kabula alifumbua macho, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa samahani.

Hapo Nyamizi alishindwa. Alijikaza siku mia na ishirini, na kilichomshinda si hofu ya kifo. Ni ile samahani. Mwanamke alikuwa anakufa huku akiomba radhi kwa ajili ya mapaja yake, mabega yake, mifupa aliyopewa na mama yake, na aliyepaswa kuomba radhi alikuwa amemshika shingo.

"Mshenga," alisema. "Nafuta neno."

Maganga aliinua uso.

"Taja neno," Mshenga alisema.

"Inatosha. Chumba cha upasuaji, siku ya Kabula. Uliuliza kumi na tisa, nikasema inatosha. Sikuwa nakujibu wewe. Nilikuwa nasema maji ya barafu."

"Maji yanatosha," Mshenga alisema. "Ulisema inatosha."

"Najua nilichosema! Sisi tunasema hivyo. Ndivyo watu wanavyosema!"

"Neno ni la mwilini mwa mtu. Zimepita siku mia moja na ishirini. Ukilifuta utafungiwa sauti. Nauliza swali la sheria. Kosa uliligundua lini?"

Angeweza kusema jana, na adhabu isingeongezeka wala kupungua. Kwa Mshenga lilikuwa swali la kujaza nafasi. Lakini Maganga alikuwa akimtazama usoni, na Nyamizi aliujua uso ule tangu akiwa na miaka minne. Uso huo ulikuwa ukimwomba aseme jana.

"Siku ileile," alisema. "Kabla hujamaliza kuchapa."

"Neno limefutwa. Sababu ya upasuaji ipo. Daktari Mbonea amejulishwa. Nyamizi Mihayo amefungiwa sauti."

Hakukuwa na mlio wala taa. Chumba kilikuwa kilekile, dagaa wakipoa mezani.

"Ulijua," Maganga alisema. Hakupaza sauti. "Ukaja hapa kila Jumapili. Ukala."

"Kaka, nilidhani itamfaa. Alikuwa amekonda, nikadhani—"

"Ulimchukia tangu siku nimemleta. Mama alisema. Nikambishia mama."

"Sijawahi kumchukia! Maganga, Mungu wangu, sijawahi!"

"Toka."

Nyamizi alisimama akaenda mlangoni. "Fungua," alisema, kwa mazoea ya miaka arobaini. Mlango ulibaki ulivyo. Alisema tena, kwa sauti ya chumba cha upasuaji, ile iliyonyooka kama rula, na mlango haukujua kwamba kuna mtu mbele yake. Akageuka. Kaka yake alikuwa amemfukuza, na ndiye aliyepaswa kumfungulia. Maganga aliliona hilo pia. Alibaki magoti chini, kichwa cha mkewe mapajani, akamwacha dada yake asimame pale na mgongo wake mlangoni, asiweze kukaa wala kuondoka.

Ilipita muda mrefu.

"Fungua," Kabula alisema kutoka sakafuni, macho yakiwa yamefumbwa.

*

Kabula alipelekwa chumba cha upasuaji Jumanne asubuhi. Nyamizi aliketi kwenye benchi la korido, nje, mahali ambapo hakuwa amekaa hata siku moja kwa miaka tisa. Maganga aliketi benchi la mbali akiwa amempa kisogo. Kutoka kwenye tundu la spika juu ya mlango ilisikika sauti ya Mzee Kipobota, msemaji wa chumba.

Alisema vizuri mwanzo. Moyo simamisha. Damu zungusha. Nyamizi alisogeza midomo pamoja naye, bila sauti. Alijua kila hatua: sasa wanaitoa ile kumi na tisa, uzi mmoja mmoja, sasa Mbonea anachana shina la mshipa, sasa kiraka, kipande cheupe chenye umbo la chozi, kinashonwa kulipanua tundu. Kisha ikaja zamu ya namba.

"Ishirini na tatu."

"Rudia," Mshenga alisema.

"Ishirini na tatu."

"Ishirini na moja?"

"La! Na *tatu*!"

"Rudia."

Nyamizi alikuwa amesimama. "Ishirini na tatu!" alipiga kelele kwa mlango, kwa ukuta, kwa spika. "Ishirini na tatu, ishirini na tatu!" Maganga aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, naye akainuka na kuanza kupiga kelele ileile, na sauti yake ilikuwa huru, lakini chumba cha upasuaji hakimsikii aliye nje. Ndugu wawili walipiga kelele mlangoni mpaka sauti zikawakauka.

Ndani kikasikika kitu kikidondoka kwenye sahani ya chuma. Yalikuwa meno. Kisha sauti ya Mzee Kipobota ikatoka laini, ya kibogoyo, ikitamka kila silabi peke yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuongea.

"Ishirini na tatu. Nachapa," Mshenga alisema.

Maganga aliketi. Alikuwa karibu na dada yake, mkono ungefika. Kisha akakumbuka, akarudi kwenye benchi lake la mbali.

*

Wiki sita Nyamizi aliishi kwa hisani ya wapita njia. Asubuhi aligonga mlango wake kwa ndani mpaka jirani atoke amfungulie. Jirani alifungua, wakati mwingine upesi, wakati mwingine baada ya kumaliza kunywa chai. Korido nzima ilikuwa na toleo moja la habari, nalo lilikuwa fupi: wifi alimpimia wifi mlango mdogo. Alijaribu mara mbili kueleza habari ya maji. Mara ya pili msikilizaji wake alicheka, naye akaacha kueleza. Siku moja jirani alikuwa zamu ya mchana na usiku, Nyamizi akakaa ndani bila maji hadi kesho yake.

Siku hiyo ya kesho yake mlango ulifunguka bila yeye kugonga.

Kabula alisimama mlangoni akaujaza wote. Alikuwa amevaa nguo ya kazi ya lifti, imembana mabegani, na waya uliozungushwa ulikuwa umening'inia begani kwake. Hakuwa anahema. Nyamizi, kwa mazoea, alitazama miguu yake kwanza, akaona haijavimba, kisha akatazama midomo, akaona rangi. Machozi yakamtoka kabla hajajua.

"Kaka yako ameapa hatakanyaga hapa," Kabula alisema.

"Najua."

"Mimi sikuapa kitu." Alipita hadi kwenye bomba, akasema maji, akajaza ndoo, akajaza sufuria, akajaza na vikombe vyote viwili. Alifanya kazi hiyo kama fundi, bila maneno. Nyamizi alibaki amesimama katikati ya chumba.

"Wifi," alisema mwishowe. "Wewe unaamini? Kwamba nilikuwa nasema maji?"

Kabula aliweka kikombe cha mwisho mezani.

"Naamini. Neno lilikuponyoka, mtu yeyote lingemponyoka. Hilo silo linaloninyima usingizi." Alivuta pumzi ndefu, akaishusha yote, bila haraka. "Mimi nakumbuka viatu. Ulinivalisha viatu kila wiki, Nyamizi. Ulikuwa unaniona nazama, huku umenishika mguu."

Nyamizi alikuwa na samahani, lakini neno hilo Kabula alikuwa amelimaliza lote yeye.

"Nitakuja asubuhi kabla ya zamu, na jioni nikitoka. Kila siku. Nitakufungulia, nitakutolea maji." Kabula aliuweka waya vizuri begani, akatoka hadi koridoni, akageuka. "Usinishukuru. Na usiniulize kama nimekusamehe. Nikikusamehe nitakwambia. Unataka kutoka sasa, au nifunge?"

Nyamizi alitazama korido. Watu wanne walikuwa wamesimama wakitazama, na mmoja alikuwa tayari ameinamia sikio la mwenzake.

"Funga," alisema. Mlango haukumsikia, na Kabula akalirudia neno kwa niaba yake.